Gesi, gesi, kila kitu gesi!

Leo nimeitwa kwenye bucha moja Buguruni, friza haigandishi. Mama mwenye duka keshaambiwa gesi imeisha, atoe hela. Jamani, gesi haipungui bila kuvuja! Nikafungua kifuniko cha chini: kondensa (mabomba yanayotoa joto la friza nje) imezibwa na vumbi lililoshikana na mafuta, feni inazunguka kwa taabu. Joto litapata wapi njia ya kutoka? Nikachomoa umeme, nikapiga brashi laini na blowa, mpira wa mlango nikaufuta kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Jioni kipimajoto kinasoma -18. (Na barafu msichokoe kwa kisu, mtatoboa bomba, hapo gesi itaisha kweli.) Mama kanifungia maini. Kesho nipo kwa jirani yake muuza samaki, naye keshaambiwa gesi.