Kata Kulia Mbande: Historia ya Pembeni mwa Barabara ya Dodoma–Morogoro

Ukitoka Dodoma kuelekea Morogoro, ukifika Mbande kata kulia uingie Kongwa. Hapo Waingereza walianzisha kilimo cha karanga mwaka 1947, wakajenga na reli, kisha 1951 wakaachana nacho: mvua haba, na udongo ukikauka unakuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya matrekta. Kuanzia miaka ya 1960 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo. Baadhi yao wamezikwa hapohapo. Kwa uzito wa historia, Kongwa ingestahili basi la watalii kila wiki. Wengi huijua kwa mnada wa ng'ombe tu.

Usiingie moja kwa moja na kamera. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa au halmashauri, ueleze shida yako, uombe mwenyeji. Wazee wa pale ndio watakaokuonyesha kile ambacho hakina kibao.

Maandishi ya kaburi yaliyofifia yasome kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, jua likiwa limelala: kivuli kinaingia ndani ya herufi na zinajitokeza. Saa 6 mchana jiwe zima linang'aa, huoni kitu. Kama muda hauruhusu, lizibe jua kwa kanga na umulike tochi kutoka ubavuni. Chaki na mkaa marufuku, vinaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na havitoki. Brashi ya waya ndiyo mbaya zaidi, inakwangua herufi zenyewe. Nakili neno kwa neno, hata pale fundi alipokosea tahajia.

Mbele zaidi, Dakawa, kabla ya Morogoro, kuna kumbukumbu ya Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 akitokea Dodoma. Mabasi ya mbali hayapendi kusimama, kwa hiyo mwambie konda wakati wa kukata tiketi, si mkiwa mmeshafika. Kuendelea Morogoro tafuta daladala. Basi la mbali huwa limejaa.

Anayetoka Dodoma kuelekea upande wa Arusha asiipite Kolo, mbele ya Kondoa mjini. Michoro ya kale ya miambani ya huko iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lipia kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, upewe mwongozaji. Na mtu akitaka kuimwagia michoro maji ili rangi ikolee, mkatalie: maji yakikauka huacha chumvi juu ya rangi.