Binti aliyekataa kuimba "fa"

Siku ya kwanza ya kufundisha kuimba niliandika ubaoni majina ya sauti, do, re, mi, fa, so, la, ti, do, nikawaimbia watoto mara mbili, kisha nikawaambia waitikie. Mpaka mi walifika vizuri. Kwenye fa sauti zikapungua, na binti mmoja wa darasa la tatu, aliyekaa benchi la mbele, akafunga mdomo kabisa. Nikamuuliza kulikoni. Akasimama, akaweka mikono nyuma, akasema kwa adabu: "Mwalimu, mi siimbi 'mi fa'. Bibi yangu anaumwa."

Darasa likatulia. Nilikuwa nimefundisha kwaya za watu wazima miaka sita, watu wanaosoma nota bila shida, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ndani ya solfa, yaani majina haya ya sauti, kuna Kiswahili. Nikajaribu kumtuliza. Nikamweleza kwamba mengi ya majina haya yanatoka mbali, kwa mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo, karibu miaka 1000 iliyopita, aliyeyachukua kwenye silabi za wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane, na kwamba fa ni mwanzo tu wa neno lenye maana ya watumishi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Lakini bibi hajui Kilatini."

Sikuwa na jibu. Nikamruhusu anyamaze kwenye fa.

Hapo ni kijijini, nje kidogo ya Dodoma. Tulikuwa tunakutana kila Jumamosi saa nne asubuhi, watoto 42, chumba cha darasa kilichoazimwa, filimbi moja ya plastiki na chaki. Jumamosi ya pili nilitaka wajifunze kuruka kutoka sauti moja kwenda nyingine bila kupanda ngazi nzima, nikaandika fa la. Kabla sijamaliza kuimba, benchi la nyuma lilikuwa limeshalipuka. "Mwalimu katukana!" Wakashikana mbavu, wakaimbiana wao kwa wao, tena kwa sauti safi kuliko siku zote. Jumatatu mama mmoja akanisubiri njiani. "Samahani mwalimu, mwanangu anasema Jumamosi mmewafundisha kuitana fala." Nikamwimbia palepale ngazi nzima, nikamwonyesha fa iko wapi na la iko wapi. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Usiku ule nilikaa na daftari. Kama watoto wanasikia maneno, basi niwape maneno. Nikaandika dodo, mimi, lala: sauti inabaki palepale, hakuna kupanda wala kushuka. Sola inapanda hatua moja, sofa inashuka hatua moja. Mila ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu kutoka mi kwenda la ni mruko ambao hata waimbaji wakubwa hubahatisha, na ukiugeuza unapata lami, njia ileile ukirudi.

Ikawa mchezo. Naguna sauti mbili bila maneno, mm-mm, wao wanakisia. "Lami!" "Hapana, mila, imepanda!" Walibishana kama wako kwenye mpira. Kijana mmoja akaja na lake kutoka nyumbani, dola, na wenzake wakashindwa kulifikia maana la iko mbali sana na do. Yeye mwenyewe alinyoosha shingo, akasimama juu ya vidole vya miguu, akaikamata. Wakampigia makofi. Kuanzia hapo kila aliyeimba dola alisimama juu ya vidole, na sikuwakataza, kwa kuwa kweli iliwasaidia.

Nikaongeza ishara za mikono, zile alizozipanga Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Do ni ngumi, kwa hiyo wavulana wawili waliipokea kwa furaha iliyopitiliza na nikawatenganisha. Ti ni kidole kimoja kinachoelekea juu. Siku moja tukashikilia ti kwa muda mrefu, nikapita katikati ya benchi nikiwasikiliza, nikamkuta mdogo wa darasa la kwanza amenyoosha kidole sawasawa, macho yamemtoka. Nikamsifu mbele ya wote. Akaninong'oneza: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Alikuwa ameomba tangu mwanzo wa wimbo.

Fa ndiyo iliyobaki kunisumbua, na si kwa yule binti peke yake. Wengi waliikosa, ikawatoka chini au juu ya pale inapotakiwa. Nikadhani ni hofu ya lile neno, mpaka siku nilipokaa uwanjani wakicheza ngoma zao wenyewe. Nikafuatisha kimoyomoyo kwa solfa: do, re, mi, halafu wakaenda moja kwa moja so. Nyimbo nyingi za Wagogo, wenyeji wa Dodoma, zinatembea kwa sauti tano, na katika zile walizoimba siku ile fa haikuwamo. Masikio yao yalikuwa yamelelewa vizuri sana, ila kwa ngazi nyingine. Nilijilaumu kwa kuwasahihisha kwa ukali wiki zile zote.

Basi sikuanzia tena mi kwenda fa. Tulianza na so, ambayo wanaijua kama njia ya kisimani, tukashuka hatua moja tu: so-fa, so-fa, polepole, huku wakishusha makalio kama watu wanaokaa. Fa ikatulia. Na yule binti, kwa mara ya kwanza, akafungua mdomo. Sofa haikuwa na ubaya wowote kwa bibi yake.

Mwezi wa kumi na mbili tukawaalika wazazi. Bibi alikuwa amepata nafuu, akaja kwa fimbo, akaketi chini kwenye mkeka mbele kabisa. Watoto wakaimba ngazi, kisha maneno yao yote: mila, lami, dola kwa vidole vya miguu. Walipofika so-fa, so-fa, wakishuka wote pamoja, bibi akainua fimbo.

"Nimelisikia hilo sofa," akasema. "Mbona mimi mmeniweka chini?"

Mjukuu wake akakimbia ofisini kumletea kiti.