Nilivyotafsiri maneno ya uzazi wa mwanamume

Nilipokabidhiwa kijitabu cha maelezo kwa wagonjwa kuhusu mfumo wa uzazi wa mwanamume ili nikitafsiri kwa Kiswahili, nilidhani kazi kubwa ingekuwa kutafuta majina ya viungo. Majina yalikuwepo tele. Kilichonisumbua ni kwamba jina moja liliweza kumaanisha vitu viwili au vitatu, na msomaji angeweza kuondoka na maana nisiyoikusudia.

Rasimu yangu ya kwanza ilijaa "sehemu za siri", kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa kusema. Tabibu aliyeipitia aliniuliza kwa upole: mgonjwa aliyeambiwa achunguze uvimbe kwenye sehemu za siri, apapase wapi? Niliifuta tafsida hiyo kila mahali nikaandika uume, govi, korodani na mfuko wa korodani. Neno "pumbu" nililiacha, si kwa aibu, bali kwa sababu kwa wengine pumbu ni korodani yenyewe na kwa wengine ni mfuko unaoibeba.

Istilahi zenye asili ya Kigiriki nilizimudu kwa kuzikata vipande. Haidrosili ina kipande cha maji na kipande cha uvimbe, nayo kwa Kiswahili tayari ni ngirimaji, au busha. Varikosili ina kipande hicho hicho cha uvimbe, ila hapa kilichovimba ni vena zilizotanuka juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Niliyoipenda zaidi ni epididimisi, ambayo maana yake ya asili ni kilicho juu ya pacha, na pacha wenyewe ni korodani mbili. Ni mrija mwembamba uliojikunjakunja nyuma ya korodani, ambao ukinyooshwa hufikia takriban mita 6, na humo ndimo mbegu hukomaa. Sikuitafutia jina jipya. Niliiandika epididimisi nikaeleza ni nini.

"Mrija wa mkojo" ulinipotezea siku nzima. Upo mrija unaotoa mkojo kwenye figo kuupeleka kwenye kibofu, na upo mwingine unaoutoa kibofuni kwenda nje, ambao kwa mwanamume hupitisha pia manii. Katika rasimu yangu yote miwili ilikuwa na jina moja. Niliandika "mrija wa figo" kwa wa kwanza na "mrija wa kutolea mkojo" kwa wa pili, kisha nikarudi mwanzo kurekebisha kila ukurasa.

Kosa lililokaribia kuleta madhara lilikuwa kwenye sura ya kufunga uzazi kwa mwanamume. Niliandika kwamba baada ya mirija ya mbegu kukatwa na kufungwa, "manii hayatoki tena". Tabibu alipiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo, na alikuwa na haki, maana mwanamume yeyote angeisoma na kuahirisha uamuzi wake. Manii ni majimaji, mbegu ni chembe zinazoelea ndani yake. Sehemu kubwa ya majimaji hayo hutoka kwenye vifuko vya manii na tezi dume, ambavyo viko mbele ya mahali panapokatwa, ilhali mbegu ni sehemu ndogo sana ya ujazo wote. Kwa hiyo mwanamume huendelea kutoa manii kama kawaida, ila baada ya muda hayana mbegu. Nasema baada ya muda kwa sababu zilizokwisha kupita hubaki njiani kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana hutakiwa kutumia kinga nyingine hadi manii yapimwe na kuthibitishwa kuwa hayana mbegu. Nilipitia kijitabu chote nikitafuta kila "manii" na kila "mbegu", nikajiuliza kwa kila moja: majimaji, au chembe?

Sura ya mwisho niliipa kichwa "Dalili za tezi dume". Ndivyo watu wanavyosema, fulani ana tezi dume, kana kwamba ni jina la ugonjwa. Pembeni tabibu aliandika maneno matatu tu: "Kila mwanamume anayo." Kichwa sasa ni "Dalili za kukua kwa tezi dume", saratani ya tezi hiyo imepewa sehemu yake peke yake, na sentensi ya kwanza inamweleza msomaji kwamba tezi dume ni kiungo alichozaliwa nacho, kilicho chini ya kibofu, kikiuzunguka mrija wa kutolea mkojo.