Nilivyomfikisha nyanya Gereza kwa feri na tuktuk

Kila niliyemwambia nataka kumtoa nyanya Likoni nimpeleke Fort Jesus, ile ngome ya Wareno kisiwani Mombasa ambayo sasa ni makumbusho, alinipa jibu lile lile: kodi teksi, mzee wa miaka themanini na kitu hapandi magari ya abiria. Binamu yangu alinipigia hesabu ya teksi kwenda, kungoja na kurudi, ikafika kama elfu tatu na ushee. Sina hizo. Tena si kweli kwamba mzee hawezi. Anaweza, ukijua pa kumpitisha.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilimtoa saa moja asubuhi ili tuwahi kabla ya jua. Saa hiyo Likoni nzima inavuka kwenda kazini, na ule mteremko wa kuingia feri unajaa watu bega kwa bega. Nyanya alinishika mkono kwa mikono yake miwili hadi ng'ambo. Kule makanga akatuita, "Foti? Pandeni mama, inafika!" Haikufika. Tuliteremshwa Posta, akatuonyesha kwa kidole: "Ni hapo mbele tu." Hapo tu ya kijana, kwa nyanya ni safari. Katikati ya Nkrumah Road goti likakataa. Tuliketi kwenye baraza ya duka la watu, mwenye duka akamletea maji, Mungu ambariki, kisha tukarudi nyumbani. Niliumia sana. Unamwona mtu amemshika mzee, bado unamdanganya kwa nauli ya hamsini?

Mara ya pili nilijipanga. Tulitoka saa nne, feri ina nafasi, na wa miguu hatulipi kitu. Matatu sikuigusa. Kinachomshinda nyanya ni kupanda mlangoni, pako juu; kwenye tuktuk anaketi kwanza, kisha anavuta mguu mmoja, halafu wa pili. Hilo tulilijaribu nyumbani kwenye tuktuk ya jirani hadi likakubali.

Na usimwambie dereva "Fort Jesus". Ukilitaja jina hilo umeshakuwa mgeni, na bei ni ya mgeni. Wa kwanza aliniambia mia nne. Nikasogea hatua kumi, nikamsalimu mwingine, nikamuuliza hali ya kazi, ndipo nikasema, "Tupeleke korti ya zamani, pale Nkrumah Road." Mia na hamsini. Korti hiyo na ngome ni majirani. Tulipofika nikamwomba asogee mbele kidogo kwa ajili ya mzee, akasogea hadi karibu na lango, akamshika nyanya mkono kumteremsha, na hakuongeza hata shilingi.

Beba kitambulisho, kiingilio cha mwananchi ni nafuu.

Nyanya haiiti Fort Jesus. Anaiita Gereza, kama walivyoiita wazee wa Mombasa, na wajuzi wa lugha husema neno hilo tulilipata kwa Wareno, igreja, yaani kanisa. Waingereza wakaifanya jela kweli, tangu 1895 hadi 1958. Amu yake alifungwa humo. Yeye, msichana mdogo, alikuwa akija na mamake na kikapu cha chakula, wanaishia langoni. Ndiyo maana nilisema lazima aingie.

Makumbusho yenyewe yalifunguliwa 1962. Mna vitu vilivyotolewa baharini kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome hiyo. Karibu miaka mitatu watu walijifungia ndani, hadi Waomani wakaingia Desemba 1698. Nyanya alisikiliza, lakini alichotaka ni ukuta. Aliweka kiganja juu ya jiwe la matumbawe, akapapasa polepole, akaniita nione alama ya kombe iliyoganda ndani yake.

"Haya si mawe, mjukuu wangu. Hii ni bahari."

Kwenye ukuta mwingine kuna michoro ya meli waliyoichora Wareno wenyewe. Aliikodolea macho muda mrefu, hadi mlinzi akamletea kiti.

Tulipotoka alisimama nje ya lango, akagonga chini kwa bakora. "Kikapu tulikiweka hapa." Akakaa kimya kidogo. Kisha akamwita muuza madafu, akaagiza mawili, akafungua fundo la leso na kulipa mwenyewe.