Kioo cha Saa Sita Mchana

Mwezi Septemba mwaka 2016, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, bibi mmoja mjane aliinama mbele ya kompyuta mpakato yangu, akaweka kiganja juu ya kipaji cha uso ili kukinga jua, akatazama kwa muda mrefu, kisha akainuka na kuniambia kwa upole, “Mwanangu, humu naiona sura yangu tu. Shamba langu silioni.” Baada ya kusema hivyo alininyooshea dole gumba nimpake wino, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba hati haitoki bila alama yake na kwamba vijana wa upimaji ni watu wa kuaminika.

Sikumpaka wino. Tulikuwa wapimaji watatu wa kujitegemea, tukisaidia kijiji kuandaa hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na msingi wa kazi ile yote ni kwamba mwenye shamba na majirani zake wanaiona mipaka na kuikubali wakiwa wamesimama juu ya ardhi yenyewe. Mashine yangu ilikuwa ya ofisini, yenye kioo cha kung'aa. Ndani ya chumba ilikuwa nzuri, lakini juani iligeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Tulikuwa tumejaribu kuifunika kwa boksi la karatasi lililokatwa upande mmoja, tukajaribu shuka, tukajaribu kivuli cha mbuyu, ambako anga jeupe bado liliakisiwa kwenye kioo na kuimeza michoro. Katika ofisi ya mtendaji wa kijiji tuliona vizuri, lakini huko waliingia watu wanne tu, na shamba lilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka pale. Nilimwambia bibi yule kwamba ningerudi na mashine ambayo angeweza kuliona shamba lake ndani yake. Nilipoahidi hivyo sikuwa na mashine hiyo, wala fedha ya kuinunua ikiwa mpya, kwa kuwa kompyuta ngumu za kazi za nje zikiwa mpya huuzwa kwa bei ambayo sisi tungeweza kununulia pikipiki zaidi ya moja.

Wiki ya pili ya Oktoba nilikwenda Dar es Salaam nikiwa na shilingi 1,300,000 tulizochanga, nikaingia Kariakoo kutafuta ya mtumba. Kwa siku mbili nilipita katika maduka yanayouza kompyuta zilizotumika, na karibu kila muuzaji aliyekuwa na mashine yenye mpini na pembe za mpira aliniapia kwamba hiyo ni ya juani. Hapo ndipo nilipoelewa hatari ya manunuzi yale. Ugumu wa bodi na mwangaza wa kioo ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kulipia la kwanza akidhani amepata yote mawili. Mashine ya kwanza niliyoshawishiwa kuichukua ilikuwa Panasonic Toughbook CF-53, safi, yenye mpini wake na kioo cha inchi 14, na bei yake ilikuwa laki nne pungufu ya fedha niliyokuwa nayo. Ilikuwa imara kweli, lakini kioo kilichofungwa katika ile waliyokuwa nayo kilikuwa cha kawaida kabisa, na laiti ningeipima kwa macho ya dukani ningerudi Singida na tatizo lile lile likiwa ndani ya bodi ngumu zaidi.

Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti, ambayo ni kandela moja (kipimo cha nguvu ya mwanga) kwa kila mita moja ya mraba. Kompyuta nyingi za ofisini hutoa niti 200 hadi 300, wakati zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi za juani hufikia 1,000 na kupita. Hata hivyo hakuna taa ya kompyuta inayoweza kushindana na jua la mchana, ambalo humwaga kama laksi 100,000, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia kitu, juu ya kila kitu linachokifikia. Kwa hiyo nusu ya kazi hufanywa na namna kioo kinavyouzuia mwanga wa nje usirudi machoni: tabaka la kupunguza mwakisiko, kichujio cha mwanga, na kutokuwepo kwa pengo la hewa ambapo miale hudunda. Mambo hayo nilikuwa nimeyasoma usiku kabla ya safari, lakini hayakuandikwa kwenye kibandiko cha mashine yoyote pale Kariakoo, wala muuzaji hakuwa na sababu ya kuyajua.

Siku ya tatu nilifika kwenye duka dogo karibu na Mtaa wa Msimbazi, la mzee mmoja aliyekuwa akipokea mzigo wake kutoka Dubai. Nilimwamkia, “Shikamoo mzee,” akaitikia, “Marahaba kijana, karibu,” akanisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa na Toughbook mbili ambazo niliziona mara moja kuwa zinafaa kuangaliwa: CF-19, ndogo, ya inchi 10, ambayo kioo chake huzunguka na kulala juu ya kibodi, na CF-31, ya inchi 13.1, nzito kama kilo tatu na nusu na ushee. Moyo wangu ulikwenda kwa ile ndogo, kwa kuwa mpimaji hubeba vitu vingi, na kila kilo humwelemea baada ya kilomita ya tano. Nilimwomba mzee aniruhusu kuzitoa zote mbili nje saa sita mchana. Alisita, akataja vibaka, akataja vumbi, mwisho akawaita vijana wake wawili wasimame pembeni, akasema, “Haya, zitoe. Tangu nianze kuziuza, hakuna mteja aliyewahi kuniomba hivyo.”

Katika siku zile za Oktoba jua la Dar es Salaam hupita karibu wima juu ya utosi, na sidhani kama kuna kipimo kingine kilicho bora zaidi. Niliziweka mashine juu ya maboksi mbele ya duka, nikapandisha mwangaza hadi mwisho, nikafungua kwenye zote mbili ramani halisi ya kile kijiji niliyokuja nayo katika flashi. Ile CF-19 ilinisikitisha, kwa sababu mwenyewe wa zamani alikuwa amebandika karatasi ya plastiki ya kulinda kioo, nayo ilikuwa imekwaruzwa kwa kalamu hadi ikawa na ukungu, hivyo kila mkwaruzo ulitawanya jua na mistari ya mipaka ikazama chini yake. Huenda kioo chenyewe kilikuwa kizima, lakini mzee hakutaka karatasi hiyo ibanduliwe kabla ya kulipwa, nami sikutaka kulipia nisichokiona. Kwenye CF-31 maandishi meusi juu ya sehemu nyeupe yalisomeka wazi, hata niliposogea hatua mbili nyuma na kuinama upande mmoja na mwingine. Picha ya setilaiti, iliyojaa rangi za udongo na majani, haikusomeka vizuri hata humo, na pale pale nikaamua kwamba ramani za kuwaonyesha wananchi zitachorwa kwa mistari minene myeusi, bila picha nyuma yake. Niligundua pia kwamba shati langu jeupe lilikuwa likionekana kwenye kioo kama wingu, lakini kijana wa duka, aliyevaa fulana nyeusi, aliposimama mahali pangu wingu hilo likatoweka. Tangu siku hiyo sijavaa nguo nyeupe kazini.

Tuliporudi ndani nilianza kuichunguza kwa jicho la pili. Mashine nyingi za aina hii hufanya kazi kwanza ndani ya magari ya polisi na ya mafundi wa umeme na simu huko Ulaya na Marekani, zikichomekwa na kuchomolewa kila siku, kwa hiyo nilitazama chini yake kama meno ya kuunganishia yalikuwa yameliwa, nikavuta vifuniko vya mpira vya kila tundu kuona kama vimekauka. Kimoja kilikuwa kimekatika. Kibodi ilikuwa ya Kijerumani, herufi Z ikiwa mahali pa Y, jambo ambalo vidole huzoea. Niliingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, kwanza kuhakikisha kwamba haikuwa imefungwa kwa nywila ya mmiliki wa zamani, ambayo kuiondoa ni shida kubwa, na pili kusoma jumla ya saa ambazo mashine imewahi kuwashwa, kwa kuwa Toughbook hutunza hesabu hiyo humo. Ilisoma saa 7,412. Ile ndogo ilikuwa imepita 19,000.

Nilikuwa nimekuja na waya wa totali stesheni yetu, kifaa cha zamani cha kupimia pembe na umbali kinachozungumza na kompyuta kwa poti ya siriali tu, yaani tundu la waya la mtindo wa zamani, na kompyuta nyingi za leo hazina tena poti hiyo. Nilipouchomeka kwenye CF-31 ulikaa imara, na skrubu zake mbili zikashika. Ubishi ulikuja kwenye chaja. Mzee alinipa chaja ya volti 19 iliyobadilishwa kichwa, huku kibandiko cha chini ya mashine kikidai volti 15.6, na nilikataa kuichomeka hata kwa majaribio. Alimtuma kijana, tukasubiri zaidi ya saa moja hadi ilipopatikana ya aina yake. Muda huo haukupotea, kwani niliiacha CF-31 ikiwaka kwa betri, mwangaza ukiwa juu kabisa, nikaona kwamba saa moja iliila karibu nusu ya chaji. Betri ilikuwa imechoka, na mwangaza kama ule ni mlaji mkubwa, kwa hiyo nilijua kwamba porini tungeuwasha wakati wa kuonyesha ramani tu. Baada ya kumtajia kifuniko kilichokatika na betri, mzee alikubali shilingi 1,050,000. Fedha iliyobaki ilitosha kubadilisha diski ya zamani kwa ya SSD, isiyo na sehemu zinazozunguka ndani yake.

Mwishoni mwa Oktoba tulirudi Ikungi, upepo wa Singida ukipeperusha vumbi jekundu juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Tuliwakusanya bibi yule, majirani zake watatu na wajumbe wawili wa kamati kwenye kona ya shamba lake. Niliiweka mashine juu ya kigogo, nikaigeuza hadi juu ya ramani pakaelekea kilima, nikawaonyesha njia ya ng'ombe, korongo na mti wa mkuyu, kila kimoja kwenye kioo na kisha kwa mkono kule kilipokuwa. Sote tuliona kwa pamoja, bila boksi wala shuka, jua likiwa limesimama.

Bibi aliinama kama alivyofanya mara ya kwanza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaweka kidole juu ya kioo, akakitembeza polepole kufuata mstari wa mpaka wa kusini, akakisimamisha. “Hapa pana kosa,” alisema. “Mstari umepita huku kwangu, mkuyu umeachwa nje. Mkuyu huo aliupanda baba mkwe wangu, na mpaka uko ng'ambo yake, kwenye minyaa ya zamani.” Jirani wa upande ule, mzee mtulivu, aliinama naye akatazama, akakiri kwamba siku ya upimaji kijana wake ndiye aliyewatembeza wenzangu, naye aliwapitisha kwenye njia mpya. Hakuna aliyepandisha sauti. Niliifunga mashine, nikaishika kwa mpini wake, mwenzangu akabeba GPS, tukamfuata bibi kuelekea kwenye mkuyu kupima upya.