Msomi Aliyeomba Kuwa Kichaka

Jai Shri Krishna, ndugu zangu.

Wiki hii nimerudi kwenye Bhagavata Purana, maandiko yanayosimulia maisha ya Bwana Krishna, kitabu cha 10, sura ya 46 na 47, pale Uddhava anapotumwa Vraj, nchi ya wachungaji alikolelewa Krishna, ambako amewaacha wagopi, wanawake wa wachunga ng'ombe wanaompenda. Kisa hiki tumezoea kukisoma tukiwa upande wa wanawake hao. Safari hii nimejikuta namwonea huruma msomi.

Uddhava si wa kubezwa. Ni mshauri wa ukoo wa Wavrishni, rafiki wa ndani wa Krishna, na elimu yake aliipata kwa Brihaspati, mwalimu wa miungu. Krishna anamshika mkono: nenda ukawatulize wazazi wangu na wagopi. Anafika jua likizama, ng'ombe wakirudi zizini. Usiku kucha anazungumza na Nanda, baba mlezi wa Krishna, huku mama mlezi Yashoda akisikiliza na kulia tu. Alfajiri wanawake wanawasha taa, wanasukasuka mtindi, wanaimba.

Ujumbe aliobeba ni wa jnana, maarifa ya juu kabisa: hamjatengana nami kamwe, kwa kuwa mimi ndimi nafsi ya vyote. Lakini kabla hajaufikisha, nyuki anapita, na mgopi mmoja anaanza kumgombeza kana kwamba ndiye mjumbe wa Krishna: usiniguse miguu, ondoka na maneno yako matamu! Brihaspati hakumfundisha Uddhava namna ya kumjibu mwanamke anayegombana na nyuki.

Alikaa huko miezi kadhaa. Mwishowe akaomba azaliwe kichaka, au mmea utambaao, au hata jani la porini huko Vrindavan, msitu wa Vraj, ili vumbi la miguu ya wale wanawake limwangukie.

Hapo ndipo wengi wetu hufunga kitabu na kusema: mnaona, elimu si kitu, bhakti, yaani ibada ya upendo, yatosha. Washairi wa lugha ya Braj, Surdas miongoni mwao, waliwapa wagopi ndimi kali zaidi hadi msomi akakosa la kusema. Raha kusikiliza, sikatai. Ila Bhagavata yenyewe ina mstari tunaouruka: ujumbe ule uliwashushia homa ya utengano, wakamheshimu aliyeuleta. Maarifa yaliwafaa. Yalikuta moyo ambao tayari ulikuwa na kiu.

Na Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna, je? Katika sura ya 12 Arjuna anauliza waziwazi ni nani bora, anayemwabudu Bwana kwa upendo au anayemtafuta Asiyeonekana. Krishna anawachagua wenye upendo, kisha anaongeza kuwa wale wengine nao wanamfikia, ila njia yao ni ngumu kwa mwenye mwili. Hakuwaita wapotovu. Sura ya 7, kati ya watu wa aina nne wanaomjia, Krishna anampenda zaidi mwenye maarifa, tena yule ambaye bhakti yake ni kwa mmoja tu.

Mimi ni wa kundi la Uddhava. Wakati wa arati, ibada ya taa, mkono unazungusha taa, kichwani mwanafalsafa Shankara anabishana na mwenzake Ramanuja, na wimbo unaisha sijaimba hata ubeti.

Kwa hiyo nilifungua kitabu cha 11 cha Bhagavata kuona msomi wetu aliishia wapi. Alikuwa bado anauliza maswali. Krishna anamjibu kwa sura zaidi ya 20, na katikati ya mafundisho hayo, sura ya 12, anamkumbusha wale wanawake wa Vraj.