Anza na kitabu cha sindano

Mkaguzi akifika kwenye kiwanda cha nguo cha EPZ (eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje) hapa Mombasa, iwe Changamwe au Jomvu, huwekewa mezani kadi za saa. Zinapendeza: kuingia asubuhi, kutoka saa kumi na moja jioni, Jumapili tupu. Kiwanda chenye vitabu viwili (kimoja cha kumwonyesha mkaguzi, kingine cha saa halisi) huanza kwa kuzipamba hizo, kwa hivyo ziache kwanza. Omba kitabu cha sindano.

Sindano ikivunjika kwenye laini, vipande vyake vyote hukusanywa na kubandikwa kitabuni, na tarehe, saa na namba ya mashine kuandikwa, ndipo fundi apewe nyingine. Wanunuzi ndio wanaolishikilia hilo, maana ncha iliyobaki kwenye pindo itamchoma mteja. Kitabu hutunzwa kwa sababu ya ubora, na anayekijaza aghalabu hana habari ya hesabu za ofisini. Sindano iliyovunjika Jumapili saa nane mchana ina maana kwamba kuna mtu alikuwa akishona Jumapili saa nane mchana. Linganisha na daftari la stoo (nani alichukua uzi, lini), daftari la zahanati na la getini. Wiki za kuangalia ni zile tatu kabla ya mzigo kuondoka, usikubali kuchaguliwa.

Sheria ya Kenya haina utata mkubwa hapa. Agizo la jumla la mishahara linaweka saa 52 kwa wiki. Mkataba wa chama ukisema chache zaidi, hizo ndizo. Ukijumlisha ovataimu, mfanyakazi wa mchana hapaswi kupita saa 116 katika wiki mbili, yaani 58 kwa wiki. Ovataimu ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, ya siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 225 kupata saa moja. Mwenye 18,000 ana shilingi 80 kwa saa. Ovataimu yake ni 120, ya Jumapili 160.

Kadi zikishakutia shaka, piga hesabu ya oda yenyewe. Tuseme kaptura moja imepimwa dakika 15 na laini ina mafundi 40. Kwa saa 52 wana dakika 124,800, sawa na kaptura 8,320 kama hakuna anayepumua. Laini ikienda kwa ufanisi wa asilimia 50, zinatoka 4,160 kwa wiki. Oda ya 25,000 basi ni wiki sita. Kitambaa kikitoka Asia kimechelewa, kikakwama tena Kilindini, au mnunuzi akichelewa kuidhinisha sampuli, wiki mbili zimekwenda, lakini tarehe ya meli haisogei. Kazi ya wiki sita ikibanwa katika nne, sasa ni saa 78 kwa wiki. Sheria inaruhusu 58. Saa 20 zilizobaki haziyeyuki: ama zimeandikwa kwenye kitabu cha pili, ama bando za vipande vilivyokatwa zimepelekwa usiku kwenye karakana ambayo mnunuzi haijui. Ukiona kadi za saa 58 na oda imeondoka kwa wakati, uliza kaptura zilizobaki zilishonwa wapi.

Ndiyo maana nionavyo kumkaba meneja wa kiwanda peke yake ni nusu ya kazi. Mkataba wa oda useme: kila siku ambayo mnunuzi amechelewa kuidhinisha, siku moja inaongezwa kwenye tarehe ya kusafirisha, na gharama ya kupeleka mzigo uliochelewa kwa ndege isitupiwe kiwanda kwa kosa la mnunuzi. Ufaransa tangu 2017 na Ujerumani tangu 2023 zina sheria zinazozitaka kampuni kubwa ziwajibike kwa wauzaji wao.

Cheti pia kisikulaze usingizi. Kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi kilipata cheti cha SA8000 (cha hali nzuri za kazi) wiki chache tu kabla ya moto wa Septemba 2012 kuua watu zaidi ya 250.

Mahojiano yasifanyike kiwandani supavaiza akipitapita. Mafundi wengi wanaishi Mikindani na Bangladesh (naam, mtaa wetu una jina hilo), na jioni ndipo watu husema. Usiulize "mnafanya ovataimu?" Hilo jibu limeshafundishwa. Uliza juzi alifika nyumbani saa ngapi, tageti ya saa moja ni vipande vingapi, na asiyeifikia hufanywaje. Andika namba ya laini, si jina.

Vitabu viwili vikithibitika, usikimbilie kukata oda. Watakaokosa kazi ni walewale waliodhulumiwa. Dai malipo ya nyuma. Katika mfano wetu ni saa 80 kwa kila fundi katika wiki nne: 80 mara 120 ni shilingi 9,600, na kwa laini nzima 384,000, kabla ya kuhesabu Jumapili. Zionekane kwenye hati ya malipo katika mstari wake peke yake, zisifichwe ndani ya "bonasi", kisha urudi bila kutangaza, wiki ya mwisho ya oda inayofuata.